Nyani Walikosekana Kwenye Ramani

Majani yalikuwa yananisumbua. Kila nilipopita nyuma ya kiti cha mujukuu wangu kuchukua bidon ya maji, niliyaona kwenye ordinatere yake, ile kompyuta ya kukunja: majani marefu ya manjano, yote kimo kimoja, kama vile mutu mumoja aliyapanda siku moja akiwa na kamba ya kupimia. Upepo ukipita, yaliinama yote pamoja na kuinuka yote pamoja. Nilitoka nje, nikaweka bidon, kisha nikarudi tena bila sababu, kuangalia kama yamejirekebisha.

"Koko, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Uko unapita tu, unapita tu."

"Nyumba ni yangu. Napita."

Huyu mujukuu anayeniita Koko, bibi yake, ni mutoto wa binti yangu. Binti yangu anafanya biashara Butembo, na tangu barabara iharibike kwa vita tunaonana kwa simu tu. Mujukuu alibaki Goma kwangu, akawa anafanya kazi ya kupiga picha: harusi, ubatizo, na zile picha ndogo za karte ya kitambulisho. Ile wiki ya masasi, bunduki zikilia ndani ya muji, alikuwa anarudi kutoka kazini kwa miguu, akapita upande wa Katindo. Alichokiona kule hajakisema mpaka leo, na mimi sijamuuliza. Tangu siku hiyo hakuvuka tena mulango wa parseli, kiwanja chetu. Mvua ikaja, ikaenda, ikaja tena. Alipika, alifua, alisuka watoto wa majirani nywele pale kiwanjani, hata kucheka alichekaka. Lakini kwenye lile geti la bati, basi, mwisho wa dunia ulikuwa hapo. Akienda kumuitikia mutu, mukono wake mumoja ulibaki umeshika nguzo. Mwenye studio ya picha alituma mutu kuuliza kama atarudi. Akatuma tena. Kisha akanyamaza.

Binti yangu alipiga simu kila Siku ya Mungu baada ya misa. Hakuuliza kwanza habari ya magoti yangu. Aliuliza: "Ametoka?"

Nami nilijibu: "Bado."

Kwa hiyo sikukaa. Mutu aliyeniona siku zile angesema huyu bibi ana siafu ndani ya nguo. Nilifagia palipofagiwa. Nilienda getini, nikarudi, nikaenda tena, nikiwaza labda mutoto ataona vile ni rahisi.

Ule muchezo wake ni wa kuwinda. Unapewa bunduki, unaingia porini, unatafuta nyama wa pori, unapiga. Mwanzoni nilikasirika sana. Nilijiuliza, mutoto anaogopa masasi mpaka hawezi kwenda kununua chumvi, sasa anakaa muchana kutwa na bunduki mbele ya macho? Lakini kadiri nilivyopita na bidon zangu, niliona kitu. Bunduki ilikuwa inaning'inia tu upande wa chini. Mutoto alikuwa anatembea. Anapanda kilima, anateremka, anasimama kwenye maji, anaangalia swala, swala wanamuangalia, anaendelea.

"Wewe muwindaji wa namna gani?" nilimuuliza siku moja. "Sijaona umeua hata sungura."

"Sipigake, Koko. Natembeaka."

Nikavuta kibao, nikakaa karibu naye. Ilikuwa mara ya kwanza nakaa.

Ramani aliyoipenda ilikuwa ya zamani, ya kwanza kabisa ya ule muchezo. Wachezaji wengi walishaiacha, wamehamia zile mpya zenye theluji. Lakini hii ilikuwa na tambarare kubwa, muto, na mulima mukubwa wa moto nyuma, usiotoa hata moshi.

"Hapa ni wapi?"

"Si fasi ya kweli. Waliitunga tu."

"Walimuuliza nani?"

"Sijui. Labda hawakuuliza mutu."

Ilionekana. Mimi nilizaliwa juu ya kilima kinachotazama tambarare ya Rutshuru, pale mashamba yanapoishia na pori la nyama linapoanza. Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primaire, kwa sababu mahindi yalikuwa yanahitaji mulinzi kuliko mimi nilivyohitaji hesabu. Sasa tambarare ile sitaikanyaga tena. Magoti yamekataa, na wenye barabara wamekataa pia. Lakini naijua. Mutu akinionyesha tambarare isiyopumua, mwili wangu unawasha.

Ilikuwa siku tunachambua maharagi, yeye akiwa na sinia kwenye mapaja na macho kwenye ordinatere, aliponiambia: "Wenye muchezo wametangaza kitu. Wanataka kutengeneza upya ramani za zamani. Wanauliza wachezaji waseme, sura ya fasi ibadilishwe nini, na nyama gani waongezwe."

"Wanauliza na wewe?"

"Wanauliza kila mutu. Mwisho Jumamosi."

"Basi waambie majani."

Akacheka, akadhani ni mambo ya uzee. Nikamuonyesha kwa kidole, mpaka akanikataza nisiguse kioo. Nikamwambia majani ya kweli hayalingani. Fasi mbogo walilala, yamelazwa, na yanabaki yamelala mpaka jua likipanda. Fasi kiboko amepita usiku kwenda kula, kuna mufereji kabisa, njia yake na ya mama yake na ya bibi yake, mutu akiingia anafichwa mpaka kiuno. Na mbogo, kwa nini migongo yao iko mitupu? Wako wapi wale ndege wanaokaa juu yao na kuwasafisha masikio? Mbogo asiye na ndege ni kama mutu aliyetoka kitandani bila kunawa uso.

"Polepole, Koko, naandika."

"Na ngiri. Ngiri anapiga magoti akila. Anakula kama anasali."

"Ngiri wako tayari. Angalia, huyu hapa amepiga magoti."

Nikaangalia. Kweli alikuwa amepiga magoti. "Haya," nikasema, "huyo mulimufanya vizuri."

"Si mimi niliyemufanya!"

Si kila nilichosema kilikuwa sawa. Nilishikilia kwamba kobe wamejaa tambarare ile, akaniuliza nina hakika, nikatafuta kichwani nikaona kwamba nilikuwa nachanganya na kilima cha wakwe zangu. Tulifuta kobe. Kisha nikamkumbuka mumoja niliyemukalia utotoni, tukamurudisha. Ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye anaandika kwa Kifaransa, mimi nasimama, nakaa, nasimama.

Lakini kuna kitu kikubwa kilikuwa kinakosekana na sikukijua mara moja. Niliangalia kingo za pori, pale miti inapokutana na majani, nikaona ni patupu. Pananyamaza. Ndipo nikapiga paja.

"Nyani!"

"Nyani gani?"

"Hawana nyani! Tambarare yote hii, na hakuna hata nyani mumoja anayechungulia!"

Ilibidi nimweleze kazi yangu ya utoto, maana hakuijua. Sisi watoto wa kilima kile tulikuwa walinzi wa mashamba. Asubuhi tunapelekwa na bati bovu na fimbo, tunakaa kwenye kibanda cha majani, tunapigana na nyani mpaka jua likizama. Mutu mukubwa anaona kundi la nyani. Mulinzi anaona watu. Kwa hiyo kila nyani mukubwa tulimupa jina, na hatukubuni. Tulichukua jina la mutu wa kijiji aliyetuudhi wiki ile. Mukusanya kodi alipata dume lenye mabega. Mwalimu wa katekismu, aliyetupiga vidole na rula, alipata yule anayekwenda akiangalia nyuma. Shamba likivamiwa, kilima kizima kilisikia watoto wanapiga bati na kulia: "Weee, fulani! Acha mahindi ya watu! Hauna haya, na wewe una muke nyumbani!" Na fulani mwenyewe anapita kule chini na jembe begani, anajifanya hasikii.

Majina yale yote ninayo, moja kwa moja, ya watu na ya nyani wao. Siyaandiki hapa, kwa sababu wajukuu wa wenyewe wamejaa Goma, wengine ni watu wa heshima.

"Na walikuwa wanakasirika?" mujukuu aliuliza. Maharagi alikuwa ameyasahau.

"Wengine walitupiga. Lakini shangazi yangu, dada wa baba, hapana. Kulikuwa na nyani muzee wa kike, sikio limepasuka, hana tena mutoto mugongoni. Alipenda kukaa peke yake juu ya jiwe, anaangalia wapita njia. Shangazi naye alipenda kukaa njiani kuangalia wapita njia. Basi tukamupa jina lake. Alipojua, alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Kuanzia hapo kila jioni nikirudi ananiuliza: 'Leo nilikula nini?' Namwambia: 'Leo ulikula mahindi ya jirani, shangazi.' Ananiuliza: 'Yalikuwa yameiva?'"

Mujukuu alicheka. Si kile kicheko chake cha siku zile, cha adabu. Alicheka akashika tumbo, maharagi yakamwagika. Aliniomba lile jina la shangazi, nikamupa, akalirudia mwenyewe kwa mudomo akilionja. Kisha akaandika: nyani.

"Wenye majina?" aliuliza.

"Majina watafute yao."

Siku iliyofuata alikuja na swali ambalo nadhani lilikuwa limemukalia usiku. Alikuwa hataki kuniangalia. Alisema wachezaji wengine wanalalamika kwamba kwenye ramani ile bunduki ikilia nyama wanakimbia kidogo tu, kisha wanarudi pale pale kula, kama kwamba hakuna kilichotokea. Je, kwetu ilikuwa hivyo?

"Bongo, uongo mutupu," nilisema. "Palipolia bunduki, hawarudi kesho. Wanahama hata njia ya kwenda majini."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea nani alikufa."

Alichezea kamba ya ekutere, zile za kuvaa masikioni. "Kisha wanarudije?"

"Nyani wanarudi kwanza. Na si dume, usidhani. Ni yule muzee. Anakuja peke yake, anakaa juu ya jiwe, peupe. Hali. Anajikuna tu. Wengine wako kwenye miti wanamuangalia. Akikaa vya kutosha, wanateremka."

Hakuandika. Mimi nilitoka nje kugeuza nguo kwenye kamba, ambazo zilikuwa zimekauka.

Niliporudi alikuwa ameunganisha bafle, ile ya harusi, ya kutoa sauti, iliyobaki nyumbani tangu alipoacha kazi. Nilikuwa nimemulalamikia kwamba tambarare yake haina ndege, naye alisema ndege wapo, ni sauti ndogo, na ekutere ilikuwa imekufa sikio moja. Sasa alitaka nisikilize. Nikasikiliza. Kitu kama kuku kwenye sanduku. Masikio yangu si ya jana, nikazungusha kile kifundo cha kuongeza sauti ya bafle mpaka kilipokataa kwenda. Ndege wakaja kidogo. Korongo mumoja akalia mbali, na sauti ilikuwa ya kweli kabisa, nikafumba macho.

"Koko," alisema, "ni lazima nione mwenyewe vile wanavyokimbia. Ili niandike vizuri."

Sikuelewa anasema nini mpaka alipofanya. Kwa mara ya kwanza alishika ile bunduki ya muchezo, akailenga juu, mbali na swala, akapiga.

Nyumba yetu ni ya mbao na bati. Ule mulio ulitoka kwenye bafle, ukapiga bati, ukarudi, ukatoka kwa madirisha. Vikombe vililia kabatini. Avenyu nzima ikanyamaza mara moja, kama redio iliyotolewa betri.

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa. Nilisikia milango. Nilisikia mama muuza makala, yaani mukaa, jirani yetu wa mbele, akiita watoto wake kwa sauti ya chini, mumoja baada ya mwingine, na babula yake, jiko la kupikia, ikianguka na sufuria yote. Watu walilala nyuma ya misingi ya mawe, maana ukuta wa mbao hauzuii kitu. Kisha zikaanza simu. Huo ndio utaratibu wetu: unalala chini, unapiga simu, unauliza "kwenu ni wapi?" Mutu wa avenyu yetu akapigia ndugu yake Munigi, wa Munigi akapigia wa Kibati, na kabla sijaweza kufikia kile kifundo simu yangu ikalia, ni binti yangu, kutoka Butembo.

"Mama! Wanapiga kwenu!"

"Ni muchezo."

"Nimeambiwa na mutu wa Munigi, wameingia kwenye avenyu! Laleni chini!"

"Nakuambia ni muchezo wa mutoto wako!"

"Mutoto yuko wapi?"

Mutoto alikuwa chini ya meza. Mikono juu ya kichwa, magoti kwenye kifua. Alikuwa amepiga mwenyewe, alijua kabisa ni nini, na mwili wake haukujua. Nilimugusa mugongo; ulikuwa unatetemeka kama jenereta.

Ningependa kuandika kwamba nilikaa naye pale. Sikuweza. Kwenye tundu la ukuta niliona watu wameanza kufunga magodoro. Avenyu moja ikikimbia, ya pili inakimbia, na watoto wanapotea kwa kukimbia kuliko kwa masasi. Na wenye bunduki za kweli wangefika kuuliza bunduki imelia kwa nani. Nikamwambia mujukuu, "Naenda hapa tu," nikatoka.

Nje kulikuwa kweupe, jua kali, na hakuna mutu. Chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, ilikuwa imetupwa katikati ya njia na viazi vyake. Nikasimama nikapiga kelele:

"Tokeni! Hakuna vita!"

"Koko, lala chini!" Alikuwa mama muuza makala, ndani ya nyumba yake. "Wazee hamusikiake?"

"Nimesikia! Ile ni ya kwetu!"

Kisha sauti yake tena, ndogo: "Yesu. Koko ana bunduki."

Nilitaka kwenda mulango kwa mulango kuwaeleza, lakini bibi anayekimbia angewaogopesha zaidi. Nje ya geti letu kuna jiwe kubwa la volkano ambalo fundi alishindwa kulipasua. Nikakaa juu yake. Nikafungua kilemba, nikakikung'uta, nikakifunga upya polepole. Sikuwa nawaza nyani, nasema ukweli. Nilikuwa nawaza pa kuweka mikono. Macho yalikuwa yananiangalia kutoka kila tundu la mbao. Hakuna aliyetoka. Mutu mumoja, upande wa kisima, alikuwa tayari na godoro kichwani na mutoto mukononi.

Nyuma yangu geti likalia.

Niliogopa kugeuka. Nilisikia miguu mitupu kwenye changarawe, ikasimama kwenye nguzo. Ikasimama muda. Kisha nikasikia jina la shangazi yangu, lile la nyani muzee, limesemwa kwa sauti ya mafua: "Wewe, umekaa hapo peke yako unafanya nini?"

"Najikuna," nilimwambia.

Akapita nguzo. Alikuwa amebeba ordinatere wazi kwenye mikono yote miwili kama sinia, waya unaburuta, uso umelowa. Mikono yote miwili: hapakuwa na wa kushika nguzo. Alifika katikati ya avenyu, kando ya ile chukudu, akageuza kioo kwenye nyumba za watu.

"Ni hii! Munisamehe! Ni muchezo, ilikuwa kwenye bafle! Angalieni!"

Wa kwanza kutoka alikuwa mama muuza makala, kwa magoti na viganja, majivu mpaka kwenye nyusi. Alifika akachungulia.

"Iko wapi bunduki?"

"Hii hapa."

"Piga nione."

Mujukuu alitazama kwangu. Kisha akabonyeza. Bila bafle ilitoka sauti kama mutu anafunga kopo. Swala wakakimbia. Mama muuza makala aliangalia swala, akaangalia mujukuu wangu, akavuta pumzi.

"Mushenzi wewe! Nimemwaga maharagi ya watoto kwa sababu ya swala wa ndani ya sanduku!"

"Nisamehe, mama."

"Ulimuua angalau?"

"Hapana, mama. Nilipiga juu."

"Basi ni bure! Tumelala chini, na nyama hakuna!"

Watu walianza kutoka. Waliogopa kwanza, kisha wakakasirika, kisha mutu mumoja akacheka na ikawa basi. Yule wa godoro alilitua, akalikalia. Walimuzunguka mujukuu wangu, kila mutu anataka kuona, kila mutu anamutukana, na yeye yuko pale katikati, nje, anaomba radhi na kubonyeza. Nilibaki kwenye jiwe. Kama ningesimama, labda angekumbuka yuko wapi.

Ni mama muuza makala tena aliyeinamia kile kioo. Yeye ni wa Kibati, kazaliwa juu ya mawe ya volkano.

"Na haya ni nini? Mikate?"

"Ni mawe, mama. Kuna mulima wa moto pale."

"Mawe gani yamenyolewa hivi? Jiwe la moto likipoa linaota kwanza ile kitu ya kijivu, kama ndevu za muzee. Kisha ndipo majani. Hawa hawajaona jiwe."

Mujukuu alinyanyua kichwa. "Kwenu Kibati ziko, hizo ndevu?"

"Zimejaa."

"Unaweza kunipigia picha? Wenye muchezo wanapokea picha pia."

"Mimi nauza makala. Njoo mwenyewe."

Mutoto aliangalia chini, nadhani ndipo alipoona miguu yake mitupu na njia chini yake. Alifunga ordinatere, akarudi ndani haraka, karibu anakimbia.

Kesho yake hakutoka. Alipika, tukapeleka maharagi kwa jirani, yaani nilipeleka mimi. Ijumaa hakutoka. Binti yangu, ambaye tangu siku ya bafle alikuwa anapiga kila siku, aliuliza kama ametoka. "Alitoka, akarudi," nilimwambia. Akasema hilo si jibu. Ijumaa hiyo nilifua pazia ambazo hazikuwa chafu, nikavunja kikombe, nikagombana na kuku. Mujukuu aliandika kwenye ordinatere, akafuta, akaandika. Hatukuongea habari ya mawe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naosha uso pale kiwanjani. Alisimama mulangoni mwa nyumba.

"Koko, viatu vyangu vyeusi viko wapi?"

Nilikuwa nimevipaka rangi na kuvikausha kila mwezi tangu ile wiki. "Sijui," nilimwambia. "Angalia chini ya kitanda changu."

Alivivaa. Akavivua, akavivaa. "Ile kitu ya kijivu, wewe uliionaka kweli?"

"Nimeiona."

"Twende mbele ya mvua kuja. Lakini utakuja na mimi."

"Magoti yangu."

"Koko."

"Nakuja."

Getini alishika nguzo, akaiacha. Tulipanda pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimushika kiuno ili nijue anavyopumua. Mwenye pikipiki alisema bibi ni mwepesi, atatulipisha mutu mumoja na nusu. Tulipopita kwenye askari alificha uso mugongoni mwa dereva, na nilisikia moyo wake kwenye mikono yangu. Baada ya Munigi aliinua kichwa. Kabla ya Kibati alimugonga dereva begani: "Hapa."

Mawe yalikuwa yameenea mpaka kwenye muguu wa mulima, meusi, na juu yake ile kitu ya kijivu, laini, imelowa umande. Aliteremka, akapanda juu ya mawe, akachuchumaa. Alisahau kunishika mukono. Alipiga picha kwa simu yake karibu sana, pua ikigusa jiwe, kisha kwa mbali, kisha akalala kabisa kifudifudi, nguo safi na yote. Mimi nilibaki kando ya barabara, naangalia huku, naangalia kule, nahesabu mawingu. Hata pale sikuweza kutulia. Kila gari likipita nilimuangalia kama atashituka.

Simu yangu ikalia.

"Mama, ametoka?"

"Subiri," nilimwambia binti yangu.

"Niko nasikia makelele. Hayo makelele ni ya nini? Muko wapi?"

Mutu wa chukudu alikuwa amesimama kupumzika, ameegemeza mizigo yake kwenye jiwe lile lenye ndevu nzuri kuliko yote, na mujukuu wangu alikuwa ameinuka, mikono kiunoni, anamupigia kelele mbele ya barabara nzima.

"Papa, toa makabichi yako kwenye jiwe langu!"

"Jiwe lako tangu lini? Ulilizaa wewe?"

"Toa, mwanga unaondoka!"

Niliinua simu juu, kwenye upepo, nikaielekeza kule, ili binti yangu asikie mwenyewe.